Mwaka wa Furu Sebuleni

Tulimzika wifi yangu Milembe mwezi uliopita, na nilikaa na wanawake wenzangu kwenye jamvi siku tatu nikichambua mchele kama kila mtu. Siku ya pili mama mmoja nisiyemjua alimwegemea jirani yake, akanong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayofika mpaka jikoni: "Huyo ndiye mama wa yule binti wa samaki. Alishindwa na mtoto." Sikumjibu. Msibani watu hawagombani, na marehemu alikuwa shangazi wa mwanangu, dada wa marehemu mume wangu, mtu niliyenuniana naye miaka minane na bado nikamlilia kwa machozi ya kweli. Lakini sasa matanga yamekwisha, jamvi limekunjwa, kila mtu yuko kwake, na mimi nina nafasi ya kujibu. Sikushindwa na mtoto. Lipo jambo nililoshindwa mwaka ule, na nitalisema mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, ila mnalolisema nyinyi silo.

Mwaka ule, miaka minane iliyopita, binti yangu Kabula alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya simu pale Mkuyuni, hatua chache kutoka kwenye meza yangu ya samaki sokoni, na tulikuwa tunaishi wawili tu kwenye nyumba yetu ya Kiseke. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida. Ununuzi wake ndio haukuwa wa kawaida. Alinunua koti la sufu la mtumba, zito, la watu wa nchi za baridi, akalitundika nyuma ya mlango katika mji ambao ukipanda kilima kimoja tu gauni linashika mgongoni. Alinunua mashine ya kuchapa iliyokufa utepe wake kabla yeye hajazaliwa. Alinunua viatu vya magurudumu, na barabara yetu wakati ule ilikuwa mawe matupu, hata kuku walikuwa wanapita kwa adabu. Kila kitu kilipoingia ndani nilisema yale ambayo mama yeyote angesema: na godoro? Na kiwanja? Na kesho? Yeye jibu lake lilikuwa moja, "Nimekipenda, mama," kisha anachukua ufagio anafagia uwanja bila kuambiwa, ukashindwa hata uendelee kufoka vipi.

Halafu likaja tangi. Hoteli moja iliyokuwa inafungwa ilikuwa inauza vitu vyake, viti, mashuka, majiko, na watu wenye akili zao walikwenda kununua viti, mashuka na majiko. Mwanangu alirudi Jumamosi akitembea nyuma ya guta la mizigo, ameshika kwa mikono miwili tangi la kioo refu kama jeneza la mtoto, anamwambia dereva polepole, polepole kaka. Majirani walitoka. Nilitoka na mimi, mikono ina magamba. Nikauliza ni la nini. Akasema la kufugia samaki. Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi nimeuza samaki tangu yeye yuko mgongoni, nyumba inanuka samaki, shule alisoma kwa samaki, ziwa lenyewe unaliona ukisimama juu ya jiwe nyuma ya choo chetu, na binti yangu amenunua kioo ili aweke samaki sebuleni awatazame. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Kabula," akasema, "utamuuzia na yeye, au atakuuzia wewe?"

Nitasema hapa kitu ambacho sikukisema wakati ule kwa sababu sikuwa nimekifikiria. Wifi Milembe alikuwa na kabati la vioo sebuleni kwake, na ndani yake seti ya sahani zenye maua, vikombe sita vyenye kingo za dhahabu na birika ambalo halijawahi kuonja chai. Hazijawahi kutumika, hata siku ya msiba wake wageni walikula kwenye sahani za plastiki. Nyumba nyingi za rika langu zina kabati hilo. Shemeji zangu wengine wana ng'ombe kijijini ambao hawanywi maziwa yao, hawawauzi, hawawachinji, wanawahesabu tu na kuwasifia pembe. Hayo yote tunayaita heshima, tunayaita maendeleo. Lakini msichana akinunua kitu cha kutazama kwa jasho lake, anaitwa amechanganyikiwa, na mama yake ameshindwa malezi. Nawauliza, tofauti ni nini? Nimeuliza swali hili kwa watu wengi tangu wakati huo na bado nasubiri.

Samaki aliowatafuta walikuwa furu. Wasomaji wa umri wangu wa kando ya ziwa wanawajua, wale wadogo wenye rangi, tuliowala utotoni wa kuchoma na wa kukausha, na ugali wa udaga, ule wa muhogo, wakati sangara hajawamaliza. Kwetu walikuwa chakula cha siku ambazo hakuna chakula. Siku hizi ni wachache, wanaingia kwenye nyavu pamoja na dagaa, mvuvi anawatupa pembeni wala hawahesabu. Kabula alikuwa anawahi mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotua, kabla ya kazi, anawanunua wakiwa hai, mmoja kwa bei ambayo ningemuuzia mtu sato wa kutosha watu wawili. Nilipojua bei hiyo nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, anamwaga maji kwa kikombe, maji ambayo ilibidi yalale siku mbili ndooni kwanza kwa sababu eti dawa ya bomba inawaua. Akaniambia, "Mama, njoo uone huyu dume, ana madoa kama kitenge chako cha Pasaka." Nikamwambia kitenge changu kinavaliwa.

Lakini tangi lilikaa. Kabati la vitabu likasogezwa, kochi likasogezwa, pampu ya hewa ikaanza kunguruma mchana na usiku, na jioni tulikuwa tunakula tukiwa tumelielekea bila kukubaliana. Walifika kumi na mmoja. Siku moja tukila kisamvu aliniambia yule jike wa pembeni hajala wiki mbili. "Ana watoto mdomoni," akasema. "Furu anabeba watoto wake mdomoni mpaka wakue. Akila atawameza, kwa hiyo hali." Nikasema basi afe njaa kwa ujinga wake. Nilisema hivyo, kisha nikajikuta nimeacha tonge mkononi, namtazama yule samaki na shavu lake lililojaa. Miaka yote nimewapasua samaki, sikuwahi kujua jambo hilo.

Wakati huohuo wifi Milembe alikuwa anamtafutia Kabula mume, kama shangazi anavyopaswa. Kijana aliyempata simkosoi hata leo, aliitwa Masalu, mtu wa Misungwi, mpole, kwao wana ng'ombe na jina zuri. Alikuwa amekwishafika dukani kwa Kabula mara kadhaa kununua chaja ambazo hakuzihitaji. Nilipomuuliza Kabula alisema, "Waje tu, mama. Nitawajibu." Siku ikapangwa, washenga waje Jumapili baada ya ibada. Wifi alikuja Jumatano kukagua nyumba, akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. "Hiki kitoke," akasema. "Wakikiona watasema binti ana kichaa, na ukoo mzima una kichaa." Nilimwambia Kabula alitoe. Alinijibu kwa upole kwamba samaki hawahamishiki mara moja, watakufa, na kwamba kama Masalu anataka kumwoa basi ataoa na tangi. Wifi aliondoka bila kunywa chai.

Sasa nafika kwenye Jumapili yenyewe. Upepo ulivuma tangu Ijumaa, boti hazikutoka, na sokoni hakukuwa na samaki wa kuweka mbele ya mgeni. Wifi aliahidi kuleta sato kutoka kwa mtu wake, akafika saa nne mikono mitupu. Kuku wawili walikuwa tayari jikoni, wali upo, ndizi zipo, chakula kilikuwa kinatosha, nataka hilo lieleweke. Lakini nilikuwa muuza samaki. Watu wa ng'ombe walikuwa wanakuja kuposa kwenye nyumba ya samaki, na mezani hakuna samaki. Niliona aibu ambayo mtu asiye wa kazi hii hawezi kuielewa. Wifi akaegemea mlango wa sebule, akatazama tangi, akasema taratibu, "Mbona samaki wapo." Kabula alikuwa kwa msusi. Mimi nilichukua chujio la chai, lile kubwa, nikafungua mfuniko wa kioo. Watu wanaonitetea husema wifi alinilazimisha. Hakunilazimisha. Mkono ulikuwa wangu.

Niliwavua kumi na mmoja wote. Niliwakwangua, nikawapasua, mikono inafanya kazi yake yenyewe kama siku zote, na nilipomfungua mdomo yule jike vitoto vyake vikamwagika kwenye beseni, vidogo kama mbegu za nyanya, vina macho. Nilivitazama. Nilikuwa na muda wa kusimama, na sikusimama. Nikavimwaga nje pamoja na maji ya magamba, nikakaanga, nikaunga na nyanya na kitunguu. Nimewahi kukosea mambo mengi katika kulea, nimempiga bure, nimemwonea, nimemnyima safari ya shule kwa uchovu wangu tu. Hili ndilo jambo ninaloamka nalo.

Wageni walikuwa wanne. Mshenga mkubwa, mzee mmoja mwenye fimbo na koti la suti, alipoonja tu akaweka tonge chini. "Hii ni furu," akasema. "Mama, umeitoa wapi? Sijala furu tangu mama yangu yuko hai." Akala tena, polepole, macho yake yamelowa, na wifi akanikonyeza kwamba tumeshinda. Mimi pia nilikula. Ndipo Kabula akaingia kutoka kwa msusi, kichwa kimependeza, gauni la bluu. Alipiga magoti akawaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitikia, na alipokuwa ananyanyuka macho yake yakafika kwenye tangi. Maji yalikuwa yanachemka mapovu ya pampu, hakuna kinachoogelea. Kisha akatazama sahani ya mzee. Kisha akanitazama mimi. Akachukua birika na beseni, akawanawisha wageni mikono mmoja mmoja, vidole vyao vikiwa na mafuta ya samaki wake, akamaliza, akakaa mkekani alipotakiwa kukaa.

Baba yake mdogo, aliyekuwa anaongoza shughuli, akamuuliza kama desturi inavyotaka: "Kabula, wageni hawa wamesema wametumwa kwako. Unawafahamu?" Ndilo swali lenyewe. Binti akisema nawafahamu, mazungumzo yanaendelea. Kabula akasema, "Siwafahamu, baba." Baba yake mdogo akadhani labda hakusikia, akamuuliza tena. "Siwafahamu. Lakini karibuni, malizieni chakula, kimeshapikwa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Yule mzee wa fimbo alikuwa mtu mzima kweli, alielewa kwamba kuna jambo, akashukuru kwa chakula, akawanyanyua wenzake. Walitoka bila kugombana na mtu.

Wageni hawajafika barabarani, wifi Milembe alikuwa ameshachukua mchi wa kinu jikoni. Alikuwa analia kwa hasira. Alisema tangi ndilo limetuaibisha, tangi ndilo limemharibu mtoto, na analivunja leo. Nilisimama kati yake na kioo. Nikamwambia, "Wifi, weka mchi chini. Kama kuna wa kupigwa hapa, ni mimi." Akasema nichague, ama nimtie mtoto adabu mbele ya ukoo, ama nisiwahesabu tena wao kama ndugu. Nikamwambia nimechagua. Hapo ndipo minuno ya miaka minane ilipoanzia, na kwa hilo sijuti, hata baada ya kumzika. Ila nilipogeuka nikitegemea kwamba mwanangu ameona nilivyomtetea, Kabula alikuwa ametoka chumbani na begi. Alipita katikati yetu, akainama, akachomoa waya wa pampu ukutani. Sebule ikanyamaza. Akasema, "Shikamoo shangazi," akaondoka bila kuniaga mimi.

Alipanga chumba Mkuyuni. Tulikuwa tunaonana kila siku kazini, duka lake na meza yangu vinatazamana, ananiamkia, naitikia marahaba, basi. Watu wakanishauri. Wengine walisema uza tangi, atarudi akiona umelitoa. Wengine walisema mwache, maisha yatamfunza. Shoga yangu wa meza ya pili akasema mpikie kitu kizuri umpelekee, yataisha, na kwa kweli ndivyo tunavyofanya sisi. Mzazi wa kwetu haombi radhi kwa mtoto. Anapika kuku, ananunua kitenge, anauliza umekula, na mtoto mwenye akili anaelewa. Lakini kosa langu lilikuwa la jikoni, ningelifutaje kwa kupika? Nilikaa wiki mbili nikiwaza hilo, kisha nikaanza kwenda mwaloni alfajiri kutafuta furu.

Wenzangu walicheka. Nilikuwa naacha kuchagua samaki wangu wa kuuza, nakwenda kuchungulia chini ya mafungu ya dagaa. "Mama Kabula, na wewe umeambukizwa?" Nikawajibu ndiyo, nimeambukizwa, tena nauliza mwenye furu hai ataje bei yake. Walitaja bei ya kukomoa mtu. Nililipa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kununua kitu ambacho sitakiuza wala kukila, na ninawaambia mnaonisema: mikono ilizihesabu zile noti mara mbili, kisha ikazoea. Wa kwanza watano niliwaua mwenyewe. Niliwaweka kwenye ndoo, nikaona jua limepanda, nikawawekea barafu, kwa sababu samaki husafirishwa kwa barafu, kila mtu anajua. Nilipofika stendi walikuwa wamelala ubavu, wamekufa. Nilikaa kwenye jiwe na ndoo yangu nikalia waziwazi, watu wanapita. Zaidi ya miaka ishirini nimeshika samaki, na sikuwahi kumfikisha hata mmoja popote akiwa hai.

Mara ya pili nilimuuliza kijana wa boti afanyeje mtu. Akaniambia maji ya ziwa lenyewe, ndoo kubwa, samaki wachache, kitambaa juu, usifunike kwa mfuniko, na uwe unayakoroga kwa mkono yapate hewa. Nilibeba ndoo hiyo mapajani mpaka Mkuyuni nikiikoroga njia nzima kama uji. Nilikuta mlango wa Kabula umeegeshwa. Kilikuwa chumba kidogo, godoro chini, jiko la mafuta, kikombe cha chai na nusu chapati juu ya ndoo, na nyuma ya ukuta jirani alikuwa anamgombeza mtu kwa simu kwa sababu ya kodi. Akaniamkia. Nikaitikia. Nikaiweka ndoo katikati ya chumba na kuondoa kitambaa.

Akainama, akawahesabu. "Wanne," akasema. "Wa chini hapo atakufa, ameumia pezi." Nikasema sawa. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, siku ile nilikuwa nimeamua kusema nawafahamu. Masalu nilikuwa nampenda. Nilikuwa nimeshasuka nywele kwa ajili hiyo."

Hili ndilo msilolijua, nyinyi wa kwenye jamvi. Mnasema tangi lilimkosesha mume. Tangi halikufanya kitu, lilikaa ukutani likinguruma. Masalu alioa mwaka uliofuata, ana watoto watatu, wa nne yuko njiani. Kabula ana miaka thelathini sasa, hajaolewa, ana matangi matatu na bado ananunua vitu ambavyo sijui vya nini, na furu hawajamwingizia senti moja, msije mkadhani nawaletea hadithi ya biashara. Mkitaka kumlaumu mtu kwa ndoa ile, nilaumuni mimi. Nimesimama hapa.

Nilijaribu kuanza na maneno ya kuzunguka, kwamba upepo ulivuma, kwamba wifi, kwamba aibu. Nikayaacha. Nikasema, "Nisamehe, Kabula. Niliwachukua samaki wako, nikawapika, na yule wa watoto nilimwona." Sikuwahi kumwomba mtoto msamaha, wala sikuwahi kumsikia mama yangu akiniomba. Kwa jirani simu ilikatwa. Kabula alitia mkono kwenye ndoo, akakoroga maji taratibu.

"Na wewe ulikula?" akauliza.

"Nilikula."

"Walikuwa watamu?"

Ningeweza kudanganya, na naamini mama yeyote angedanganya. Nikamtazama mwanangu, nikaona kwamba nikimdanganya hapo nitarudi Kiseke peke yangu kwa maisha yote.

"Walikuwa watamu sana," nikasema. "Nilikula wawili."

Bega lake likaanza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso, nikaona ni vyote. Akajifuta kwa mkono wenye maji ya ziwa. Kisha akasogea ukutani, akaniachia nafasi kwenye godoro, na mimi nikavua kandambili nikakaa.